Mdogo wangu kaingia form one bila kumaliza pre form one na yuko fresh tu

Nina kaduka ka stationery karibu na stendi hapa Moshi, na kila TAMISEMI, ile ofisi ya serikali inayowapangia watoto shule, wakitoa majina ya waliochaguliwa form one wazazi wanajazana kuprinti fomu za kujiunga, kila mmoja na ushauri wake mdomoni. Sasa ikafika zamu ya kwetu. Kitinda mimba wetu kapangiwa sekondari ya kata, miaka saba kasoma kwa Kiswahili, anaenda kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mmoja ananiambia, "Dada, wahi pre form one, usimharibie mtoto," yaani zile tuition za kujiandaa kabla shule hazijafunguliwa. Mwingine ananiambia muache tu, atazoea hukohuko. Huyu ndo ananiudhi kuliko wote, maana walioachwa wazoee nawaona form two wanavyokuja Oktoba wamechanganyikiwa wanatafuta kopi za past paper, mtihani wa taifa uko mlangoni.

Mama akang'ang'ania pre form one, haya tukalipa, elfu thelathini na kitu hapo bado madaftari. Jamani! Chumba kilikuwa banda la kuku na harufu haijahama, watoto wamebanana, wanaimba "a noun is a name of a person, place or thing" kutwa nzima. Kijana akirudi anaimba mpaka kwenye kuoga, mama roho kwatu, mwanangu anamwaga Kizungu. Siku moja yuko na mimi dukani nikamuuliza, ukiwa darasani ukibanwa na haja utamwambiaje mwalimu kwa Kiingereza? Kimya. Akafikiria weee, mwisho akajibu, "Noun." Nilicheka mpaka mteja akaondoka bila chenji yake. Kesho yake sikumpeleka tena.

Sasa sikia nilichofanya. Kwa jirani yetu hapa Pasua kuna binti alikuwa ndo kamaliza form one shule ileile. Nikamuomba madaftari yake yote pamoja na mitihani ya mihula. Akataka chips mayai, nikampa, akaongeza na soda, nikampa, nikatoa kopi kila kitu usiku duka likiwa limefungwa. Kufungua Baiolojia, kumbe mengi dogo anayajua! Huduma ya kwanza, usafi, magonjwa, alishayasoma kwenye Sayansi na Teknolojia ya msingi. Kinachomkwamisha ni kwamba haelewi swali linamtaka afanye nini. Nikachukua maka peni nikazungushia yale maneno ya kuamrisha tu, define, mention, outline, explain, differentiate, na ni yaleyale, uende Jiografia uende Kemia utayakuta. Nikayaandika kwenye manila nikabandika mlango wa choo kwa ndani, hapo hana pa kukimbilia.

Jioni ni swali moja tu. Anamjibu mama kwa Kiswahili, mama anamenya ndizi zake, asipoelewa anasema "rudia baba, hujaeleza", na mama ni mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumuona. Akipita hapo ndo tunaangalia yule binti aliandikaje kwa Kiingereza, halafu dogo anaandika ya kwake bila kuchungulia. Mama mwenyewe siku hizi anasema "differentiate" sokoni Mbuyuni, wateja wanamshangaa.

Na yule binti alitupa na mengine ambayo kwenye fomu hayapo, mfano mwalimu gani anataka kaunta buku na yupi daftari la kawaida linamtosha, na njia ya mkato ya kwenda shule, dogo akaenda naye kwa miguu Jumamosi moja kabla hazijafunguliwa.

Kuhusu hela, ada ilifutwa tangu 2016 ila msijidanganye, sare na mchango wa chakula vinakusubiri. Sweta tulipata soko la Memorial, mtumba lakini rangi ileile, sijui elfu nne au tano. Jembe la kupeleka shule tulitoa la nyumbani na hakuna aliyeuliza mbona kuukuu, nashangaa watu wanaonunua jipya.

Mtihani wa kwanza Baiolojia kapata B, Jiografia C, na mlango wa pili kuna mwenzake aliyemaliza pre form one yote, sisemi kapata nini. Fizikia ndo imetushinda, namba zake mama hawezi kuhukumu na mimi mwenyewe niliitema form three, kwa hiyo mwenye mbinu ya fizikia aje dukani, kopi nitamtolea bure.