Robo

Harufu ya iliki ndiyo iliyomleta binti yangu jikoni Jumamosi, macho bado yana usingizi. "Mama, mbona kila Jumamosi lazima mahamri?" Nikamwambia asimame mbali na mafuta.

Mwaka wa 2020 alikuwa hajaanza kutembea. Shule zilifungwa katikati ya Machi, na sisi walimu wa shule ya kibinafsi tukaambiwa mshahara hakuna mpaka watoto warudi. Aprili nikala akiba. Mei nikauza friji. Juni mwenye nyumba akawa anapita kila jioni. Mwezi wa saba nikateleka karai barazani, kule Kisauni, Mombasa, nikaanza kukaanga.

Siku ya tatu akaja mwanafunzi wangu wa gredi ya nne, ametumwa na mamake. "Shikamoo, mwalimu." Nilitamani moshi unifunike. Alizoea kuniona na chaki, nguo imepigwa pasi. Sasa nina leso kiunoni na unga mpaka viwikoni. Nikamwitikia nimeinamia kibao. Donge nilikuwa nimeshalisukuma likawa duara. Nikapitisha kisu, nikapitisha tena, vikatoka vipande vinne. Akachuchumaa kutazama.

"Robo," akasema.

"Nini?"

"Kila kimoja ni robo, mwalimu. Viwili ni nusu."

Somo hilo tulikuwa tumelianza wiki ile ile shule zilipofungwa, sikuwahi kulimaliza. Nikavitia vipande kwenye mafuta, vikazama, vikapanda, nikawa navimwagia mafuta juu kwa upawa, kimoja baada ya kingine vikafura.

"Nikila robo moja, nimebakiwa na nini?"

"Robo tatu."

Akanipa shilingi arubaini, akachukua manne yake. Kesho yake alirudi na daftari, na mdogo wake nyuma.

Oktoba gredi ya nne ilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kurudi, nami nikarudi. Wenzangu wawili hawajarudi mpaka leo, na walikuwa hodari kuliko mimi. Ndiyo maana nikiulizwa nilipata wapi nguvu ya kuvuka miezi ile, nasita. Labda ni kodi ya nyumba iliyonisukuma. Labda ni yule mtoto, kwamba hata pale barazani aliniita mwalimu.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, anangoja jibu. Nikamsogezea kibao, nikampa kisu.

"Kata vinne," nikamwambia. "Viwe sawa."