Siku yangu: muuguzi wa jamii anayesomea udaktari wa vitendo, Minnesota, Marekani

Saa 11 alfajiri. Nasoma kabla watoto hawajaamka. Shahada yangu inaitwa DNP, udaktari wa uuguzi wa vitendo. Nyumbani Kenya huniuliza kama nitakuwa daktari wa kutibu. Hapana. Wa PhD hutafuta maarifa mapya. Sisi tunachukua yaliyokwisha thibitishwa na kuyafikisha kwa watu. Chuoni kwetu, anayetoka shahada ya kwanza hutakiwa kutimiza angalau saa 1,000 za mafunzo kazini.

Saa 2 asubuhi. Ofisi ya afya ya kaunti. Nawatazama wagonjwa kwa video wakimeza isoniazid na rifapentine, dawa za TB iliyolala mwilini: mara moja kwa wiki, dozi 12. Mradi wangu unauliza kwa nini wengine huachia njiani.

Saa 4 na nusu. Nabisha hodi kwa mama mmoja kutoka Kongo ambaye hajapokea simu zetu. Chai kwanza, habari za wajukuu, ndipo akatoa leso nyeupe yenye doa la rangi ya chungwa. "Mwanangu, hii dawa inanitoa damu." Kumbe ni rangi ya rifapentine: huingia kwenye mkojo, jasho, hata machozi. Alikuwa ameambiwa, ndiyo, kwa karatasi ya Kiingereza. Nikamuuliza kuhusu homa, kichefuchefu, tumbo, nikamtazama macho kama yana umanjano, dalili za madhara makubwa zaidi ya dawa, kisha nikampigia daktari wa kliniki kabla hajameza tena.

Saa 8 mchana. Kikao cha kliniki. Nimeomba habari ya rangi isemwe kwa mdomo, kwa lugha ya mgonjwa, kabla ya dozi ya kwanza. Tutaanza na wachache, tuone, turekebishe. Wamekubali.

Saa 1 jioni. Darasa kwa video. Mwalimu kanibana: utapimaje? Kwa waliomaliza dozi zote, kabla na baada ya mabadiliko, nikitenganisha kwa lugha. Tangu vyuo vya uuguzi vya Marekani vilipoipendekeza DNP mwaka 2004, wapo wanaosema ni cheo tu. Wangekuja nami kwenye ile nyumba.

Saa 4 usiku. Najaza daftari la saa za mafunzo, naandika maelezo ya Kiswahili kuhusu ile rangi, ya kurekodiwa kwa sauti. Yule mama wa Kongo amekubali kuyasikiliza kesho na kunisahihishia maneno wanayotumia kwao.