Bilinganya la kuchoma la kupaka mkate, kwa jiko la mkaa

Nyumbani kwetu Mbeya mkate hauliwi mkavu. Lazima upakwe kitu, na kwa miaka kitu chenyewe kilikuwa siagi ya kopo, tena kwa mkono mzito. Baba alipoambiwa apunguze mafuta na chumvi, nikaanza kutafuta mbadala ambao hatauona kama adhabu. Parachichi za Rungwe zilisaidia, ila kila asubuhi nazo zinachosha. Ndipo nikageukia bilinganya la kuchoma la kina Lebanoni na Siria, babaganushi: bilinganya, ufuta, limau, kitunguu saumu, basi. Vyote vinapatikana soko la Mwanjelwa.

Nachagua mabilinganya makubwa yenye ngozi ya kung'aa na kikonyo kibichi. Nikibonyeza kwa kidole, nyama irudi. Lililolala siku nyingi hubaki na bonde, na ukilipasua unakuta mbegu za kahawia. Hilo lina uchungu. Nyanya chungu haziwezi kazi hii, nyama yake ni kidogo mno.

Wengi wetu tunalikaanga, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana bilinganya hunywa mafuta kama godoro lililomwagiwa maji. Likichomwa halihitaji hata tone.

Oveni sina, wala siitamani. Natoboatoboa kwa uma lisije likapasuka, kisha nalilaza juu ya makaa yaliyokolea, moto ukishaacha kuwaka kwa miali. Nageuza kwa koleo. Ngozi inakunjamana, inageuka nyeusi tii, maji yanadondokea makaa, shii! Jirani alinipigia kelele toka uani kwake: "Dada, mboga inaungua huko!" Nikamjibu, "Iache iungue, mama, ndiyo inavyotakiwa." Ukilionea huruma ukalitoa mapema, ndani linabaki gumu na halina harufu ya moshi, na moshi ndio utamu wenyewe. Nasubiri lilegee lote, hasa karibu na kikonyo, panapochelewa kuiva. Likiwa kubwa huchukua kama nusu saa. Shughuli hii yote ni ya nje, hata Juni na Julai baridi inapouma. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua.

Likitoka motoni nalifunika kwenye sufuria kwa dakika kumi, ule mvuke unalegeza ngozi. Namenya kwa mkono bila kuliosha. Maji yanaondoka na moshi, na vipande vyeusi viwili vitatu vikibaki si neno. Nyama naiweka kwenye chujio ichuruzike maji yake ya kahawia, la sivyo utapaka supu kwenye mkate.

Wakati huo nashughulikia ufuta, vijiko vinne vya chakula kwa mabilinganya mawili. Naukaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka unukie na kupata rangi kidogo tu. Ukizidi unakuwa mchungu. Natwanga kwenye kinu mpaka utoe mafuta na kuanza kung'ang'ania mchi. Nikikamulia limau, ufuta unakaza ghafla, na asiyejua anaweza kudhani umeharibika. Haujaharibika. Ongeza maji ya baridi kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, utalegea na kuwa mweupe. Mwenye blenda atapata ufuta laini zaidi, mimi napenda chembechembe zake. Lakini bilinganya lenyewe usilitie kwenye blenda, litakuwa uji. Uma unatosha.

Nachanganya vyote, mwisho kabisa naweka punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa na chumvi kiduchu. Limau likiwa la kutosha, upungufu wa chumvi hausikiki sana. Akija mgeni naongeza kijiko cha mafuta ya alizeti juu, kwa ajili ya sura.

Baba alilitazama akauliza, "Hii nayo ni nini tena, mwanangu?" Akaonja kwa ncha ya kijiko, akanyamaza, akavuta sahani. Siku hizi mkate anauacha, anachovya viazi vya kuchemsha. Chapati nayo inakubali, magimbi pia.

Kwenye friji, kwenye bakuli lenye mfuniko, linakaa siku tatu hivi, na kesho yake kitunguu saumu kinakuwa kikali zaidi. Watoto hawakitaki kabisa, kwa hiyo ya kwao naitenga kabla sijakiweka.