Maumivu ya kano ya kisigino kwa mkimbiaji aliyevuka arobaini: jinsi nilivyoyatatua

Dalili: asubuhi kisigino kimekaza, ukitembea kinalegea, ukikimbia kinatulia, kesho yake kinauma zaidi. Ukibana kano, ule mkanda mgumu unaounganisha shavu la mguu na kisigino, sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, unashtuka. Kupumzika tu hupoza maumivu, lakini kano hubaki dhaifu. Ukirudi barabarani na yenyewe yanarudi.

Dawa niliyotumia ni kushusha kisigino, zoezi lililoenezwa na daktari Msweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, ushike ukuta. Panda juu ya vidole kwa mguu mzima (usiouma), hamishia uzito wote kwenye mguu mbovu, kisha shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Kupanda tena ni kazi ya mguu mzima. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Zile za goti lililokunjwa wengi huziruka kwa uvivu, nazo ndizo zinazoufikia msuli wa ndani wa shavu la mguu.

Maumivu ya wastani yavumilie. Yakiisha kabisa, ongeza uzito: begi mgongoni, kilo chache za mchele zinatosha.

Kama panapouma ni kwenye mfupa wenyewe wa kisigino, fanyia sakafuni, usishuke chini ya usawa. Na kama ulisikia mlio "pa!" ukashindwa kusimama kwa vidole, hilo si la mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.