Kidole juu ya neno "ndio"

Siku ile nilikwenda kumshinda Mzee. Sina haja ya kuipamba. Kikundi chetu cha kujifunza Biblia kilikuwa kimekwama wiki mbili kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo, na Mzee aliyetuongoza hakusogea hata hatua: siku sita ni siku sita, za saa 24, maana imeandikwa "ikawa jioni ikawa asubuhi". Ukibisha, anakufungulia Kutoka 20:11, kwamba kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi. Ukimletea Petro, kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, anakwambia Petro alikuwa akieleza uvumilivu wa Mungu, si kalenda. Na hapo, kusema kweli, alikuwa na hoja.

Silaha yangu ilikuwa jua. Jua linatokea siku ya nne. Sasa hizo jioni tatu za mwanzo zilitoka wapi? Nilikuwa nimesoma kwamba Origene wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale, aliuliza swali hilohilo katika karne ya 3, na kwamba Augustino, askofu wa Hippo, naye hakuzichukua siku zile kuwa siku za kawaida. Niliyaandika yote kwenye karatasi, nikaikunja ndani ya Biblia. Jambo moja sikuliandika: Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anasimulia kwamba huyohuyo Origene, bingwa wa mafumbo, alipokuwa kijana aliichukua Mathayo 19:12, panapotajwa waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, neno kwa neno, akajihasi. Nililisoma, nikalipita harakaharaka.

Zamu yangu ilipofika nikakunjua karatasi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nuru iliumbwa siku ya kwanza, kijana wangu. Au unadhani Mungu anahitaji jua ndipo ajue kumekucha?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu, nikarukia Mathayo 5:29: jicho likikukosesha, ling'oe. Mbona sote humu tuna macho mawili? Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Pale Bwana anasema kwa mfano. Kila mtu anaona."

Ndipo Mama mmoja, Mkatoliki, aliyekuwa akija kwetu kwa mwaliko wa rafiki yake na asiyezoea kusema, akafungua Mathayo 26 na kusukuma Biblia yake katikati ya meza. Kidole chake kilikuwa juu ya neno moja.

"Na hapa, Mzee, kila mtu anaona? 'Huu ndio mwili wangu.'"

"Huo ni mfano, Mama. Mkate unawakilisha mwili."

"Hapa pameandikwa ndio. Hilo unawakilisha unalisoma wapi?" Akagonga karatasi mara mbili.

Mzee akakimbilia Yohana 6:63, "mwili haufai kitu". Mama akamwambia aanzie mstari wa 55, "mwili wangu ni chakula cha kweli", na akifika wa 66 aeleze kwa nini wanafunzi wengi waliondoka, kama waliambiwa mfano tu. Mzee akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akainua macho.

"Na siku sita, Mama?"

"Ah, hizo ni lugha ya picha," alijibu palepale.

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Mzee.

Nami nikajiona nimeshinda bila jasho. Nikasema, kwa sauti ambayo mpaka leo siipendi, kwamba basi imeonekana, kila mmoja anachagua pa kushika na pa kuachia.

"Na wewe?" Mzee akanigeukia. "Kaburi tupu ni mfano?"

"Hapana." Lilitoka kabla sijafikiri.

"Kwa nini?"

Nikamtajia Paulo: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure.

"Hiyo ni hasara tutakayopata. Sijakuuliza hasara. Nakuuliza umejuaje pa kusimama."

Nikajaribu kusema kwamba ushahidi wa watu walioona ni mtindo mmoja wa uandishi, na simulizi la uumbaji ni mwingine. Bado naamini hivyo. Lakini siku ile sikuweza kumwonyesha mpaka uko mstari gani, na nilichokuwa nimeshika mkononi ni karatasi iliyokunjwa.

Miaka baadaye nilisoma habari za mkutano wa Marburg, Ujerumani, mwaka 1529. Luther na Zwingli, viongozi wawili wa Uprotestanti ulipoanza, walikubaliana mambo 14 kati ya 15, na lililobaki lilikuwa katika hilo la 15: mwili na damu ya Kristo vimo kweli ndani ya mkate na divai? Inasimuliwa kwamba Luther aliyaandika maneno yale ya Bwana mezani kwa chaki, asije akasogezwa. Nikaukumbuka ule ukucha ukigonga karatasi.

Sisi hatukugawanyika. Tulipofika sura ya tatu, Mzee alifungua Biblia, akavaa miwani, akautazama mlango.

"Nyoka yuko karibu kusema," alisema. "Tumsubiri Mama."