Upande Ulioandikwa HUKU

Mwezi Februari mwaka 2008 watu wa Dodoma walikuwa na habari moja tu midomoni. Tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu bungeni, hapo hapo mjini kwetu, na kabla ya wiki kwisha Mizengo Pinda alikuwa ameshika nafasi yake. Katika duka la Mjomba, hata hivyo, tulikuwa na mabishano yetu ya pembeni, ambayo hakuna gazeti lingeyagusa, nami nayaandika kwa sababu ndimi niliyeyaanzisha na ndimi niliyeshindwa.

Mjomba alianza biashara ya kukodisha kanda za video mwaka 1995, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, hatua chache kutoka Soko la Majengo. VCD, yaani diski za video zilizotangulia DVD, zilipoanza kuingia mjini alizidharau. Alisema picha yake inavunjikavunjika, na kwamba kuikata filamu moja katika diski mbili ni kumsumbua mteja bure. Katika yote mawili hakusema uongo, maana VCD ilikuwa na mistari 288 tu ya picha, haikuizidi kanda kwa lolote linaloonekana kwa macho, na diski moja ilibeba saa moja na robo au zaidi kidogo. Lakini deki za VCD za Kichina zilikuwa za bei nafuu, diski haikuhitaji kurudishwa nyuma kabla ya kurejeshwa dukani, na mtu mwenye kompyuta aliweza kuchoma nakala yake kwa dakika chache. Mjomba alipokubali kubadilika alibakiwa na kanda zaidi ya mia sita ambazo hazikuchukuliwa hata kwa bure. Zilikaa chini ya kitanda chake miaka mingi, na watoto wa mtaa wakawa wanachomoa utepe wake kutengenezea mikia ya tiara.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. DVD zilipofuata alizipokea siku ya kwanza, na kila aliposikia kuna kitu kipya kinakuja aliuliza mara mbili mbili, asije akaachwa tena kituoni.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma, katika kundi la kwanza kabisa lililopokelewa mwaka 2007, na masomo yetu yalianzia katika jengo la Chimwaga. Jumamosi nilishuka mjini kumsaidia Mjomba kuandika daftari la wateja, kisha jioni nikapita katika duka la intaneti kusoma chochote kilichonijia. Ndiko nilikojifunza habari za leza ya buluu, na elimu hiyo ndogo ikanipanda kichwani.

Mwishoni mwa Januari shemeji yake Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alikuja likizo na sanduku lililofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kuchezesha HD DVD, diski za namna mpya zenye picha kali kuliko DVD, pamoja na diski tatu za filamu. Alisema aliipata kwa bei ya kutupa, na Mjomba akainunua kwake kwa shilingi laki tatu na nusu. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini mashine mpya kiasi kile iuzwe kwa bei ya kutupa. Shemeji akaahidi kwamba, Mjomba akimpa fedha zaidi kabla hajaondoka, ataagiza mashine nyingine mbili na diski mia moja, na duka litakuwa la kwanza kukodisha picha za namna hiyo katika mikoa yote ya kati.

Mjomba aliniuliza nionavyo. Nikachukua jalada la nyuma la daftari na kumchorea miduara mitatu. Nikamweleza kwamba diski zote hizo zina upana ule ule wa sentimita 12 na unene ule ule wa milimita 1.2, na kinachotofautiana ni mwanga unaozisoma. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 isiyoonekana kwa macho, DVD kwa leza nyekundu ya nanomita 650, na hizi mpya kwa leza ya buluu inayokaribia zambarau, nanomita 405. Mwanga ukiwa na wimbi fupi, kidoa chake huwa kidogo, na kidoa kikiwa kidogo, vishimo vya taarifa vinaweza kubanwa zaidi katika eneo lile lile. Ndiyo maana DVD ya tabaka moja ilibeba gigabaiti 4.7, HD DVD ikabeba 15, na mwenzake Blu-ray akabeba 25. Nikamwambia pia kwamba HD DVD haikuwekewa mipaka ya kanda za dunia, inayozuia diski ya eneo moja kusomwa na deki ya eneo jingine, kama DVD, ambayo kwa mgawo wake sehemu kubwa ya Afrika iliwekwa kanda ya 5 na Uingereza kanda ya 2. Mjomba alisikiliza kwa makini, akaukunja mkono juu ya jalada lile kama mtu anayelinda hati ya kiwanja.

Nilimweleza pia kwamba kulikuwa na vita kati ya hao wawili, Toshiba akiwa upande wa HD DVD na Sony upande wa Blu-ray. Nilichomficha, au niseme nilichojificha mwenyewe, ni kwamba tarehe 4 Januari kampuni ya filamu ya Warner ilikuwa imetangaza kuhamia Blu-ray peke yake. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo. Nilijiambia kwamba Paramount, kampuni nyingine ya filamu, bado wako upande wetu, kana kwamba tulikuwa na upande.

Jaribio lilifanyika Jumamosi tarehe 9 Februari, baada ya magharibi. Walikuwepo wateja sita au saba, Shemeji, na mzee mmoja fundi wa redio na televisheni aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, ambaye Mjomba hakuwahi kununua kifaa cha umeme bila kumwita. Mzee aliingia akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukaitikia, nami nikamwamkia shikamoo, akaketi juu ya kreti la soda karibu kabisa na runinga.

Plagi ya Uingereza yenye miguu mitatu iliingia kwenye soketi yetu bila adapta, na Shemeji akaichukulia hiyo kuwa dalili njema. Runinga ya Mjomba ilikuwa chogo ya inchi 21, yenye matundu matatu nyuma, la njano, jeupe na jekundu, kwa hiyo nyuma ya mashine ile yenye kila namna ya tundu tulitumia waya wa njano tu, kama tulivyofanya kwa deki zote. Shemeji akabonyeza. Taa ikawaka, kisha hakikutokea kitu. Tukangoja karibu dakika nzima, mashine ikijifikiria kama kompyuta inayoamka, mpaka mteja mmoja akaomba basi awekewe taarifa ya habari amwone Waziri Mkuu mpya.

Hatimaye picha ikaja. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kama DVD.

Shemeji akasema subirini, bado. Tukasubiri. Gari likapita jangwani, bahari ikaonekana, mwanamke akacheka kwa karibu, na kila mmoja akakodoa macho kuutafuta ule ubora niliokuwa nimeusifu kwa wiki mbili. Mzee fundi hakuitazama picha kabisa. Alikuwa ameinama nyuma ya runinga akiufuata ule waya wa njano kwa kidole.

"Bwana mdogo," akaniambia, "hiyo diski ina mistari mingapi?"

"Elfu moja na themanini, Mzee."

"Na chogo hili?"

Nikanyamaza. Mistari inayoonekana ya televisheni zetu ilikuwa 576, na hilo nililijua vizuri.

"Basi unamimina debe katika kopo," akasema. "Maji yote yanakwenda chini."

Mjomba, aliyekuwa kimya muda wote, alifanya jambo ambalo mimi na kusoma kwangu kote hatukulifikiria. Alitoa VCD rafuni, filamu ya Kiswahili iliyokuwa ikikodishwa kuliko zote mwezi ule, akaitia katika mashine mpya. Mashine ikazungusha, ikakoroma kidogo, ikaitema. Akajaribu ya pili, ya kwaya. Ikaitema nayo. Zaidi ya nusu ya diski za duka lile zilikuwa VCD, maana filamu za nyumbani na nyimbo za injili zilitoka kwa wingi katika umbo hilo. Mashine ya laki tatu na nusu haikuweza kulisoma duka lililoinunua.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema DVD ilipokuja ilikuwa kama ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, kwa sababu deki ya DVD iliikuta CD na VCD ndani ya nyumba ikazikaribisha, mtu akabadilisha deki bila kutupa hata diski moja. Habari za mipaka ya kanda za dunia nazo alizipuuza, akisema deki za Kichina alizozifungua yeye hazijawahi kujua kanda ya 5 ni nini. Kisha akaomba nimwonyeshe lensi. Alikuwa akisafisha lensi tatu au nne kila siku kwa pamba na spiriti, kwa kuwa upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata katika chungu kilichofunikwa, na aliwajua wateja wetu, wanaofuta diski kwa upindo wa shati na kupaka dawa ya meno penye mchubuko. Nilipomweleza kwamba katika Blu-ray tabaka la taarifa liko milimita 0.1 tu kutoka juu, wakati katika DVD na HD DVD liko milimita 0.6 ndani, alitikisa kichwa, akasema aliyetengeneza hiyo hajawahi kukaa Chang'ombe mwezi wa tisa. Hapo, kwa haki, alikosea, kwa kuwa Blu-ray ilipewa ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, lakini usiku ule sikuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu.

Licha ya hayo nilimshauri Mjomba asikate tamaa. Nilisema runinga zitabadilika, kopo litakuwa pipa. Naye, akikumbuka kanda zake mia sita, alikuwa tayari kunisikiliza mimi kuliko macho yake mwenyewe. Fedha za mashine mbili na diski mia zilikwisha kuhesabiwa, zikawekwa katika bahasha ya kaki ndani ya kabati, zikingoja siku ya Shemeji kuondoka.

Tarehe 20 Februari, siku ya Jumatano, nilikuwa katika duka la intaneti nikingoja ukurasa ufunguke, kichwa cha habari kikaanza kujitokeza mstari mmoja mmoja. Siku iliyotangulia, rais wa Toshiba, Atsutoshi Nishida, alikuwa ametangaza kwamba kampuni yake inaacha kutengeneza mashine za HD DVD. Nililipa, nikatembea hadi Majengo bila kupanda gari. Mjomba alikuwa akimwandikia mteja risiti. Nikamwambia pale pale, kwa sababu nilijua nikisubiri mteja aondoke nitatafuta maneno ya kupunguza.

Hakunigombeza. Aliingia ndani, akaitoa ile bahasha, akaihesabu tena mbele yangu kana kwamba Toshiba wangeweza kuwa wamechukua kitu humo, akairudisha. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa kiini cha yote: "Sasa huyu aliyeshinda, huyo Blu-ray, ndiye atakayemtoa DVD?"

Nilisema ndiye. Mzee fundi, tulipomfuata kibandani, alisema siye. Alinionyesha deki iliyokuwa wazi mezani kwake, yenye kifuniko kilichoandikwa EVD kwa herufi za fedha, umbo jipya ambalo Wachina walilitangaza mwaka 2003 ili waachane na ada za leseni za DVD. Akaugeuza mtambo wake kwa bisibisi. Lensi ilikuwa ya DVD, na bodi ilikuwa ya DVD. Mtengenezaji alibandika jina la mshindani juu ya mwili wa yule yule anayeshindana naye, na mwenye deki alikuwa amekaa nayo mwaka mzima akiangalia DVD.

Blu-ray haikufika katika duka lile. Kwingineko duniani iliuzwa, hata Toshiba wenyewe wakaanza kuitengeneza mwaka 2009, lakini pale Majengo nilikuwa nangoja diski imtoe DVD, nisione vijana waliokuwa wakija na flashi shingoni kuuliza kama tunaweza kuwajazia filamu kumi kwa bei ya kukodi mbili. Mjomba alifunga mwaka 2013.

Lakini zile diski tatu za Shemeji zina kisa chao. Mbili hazikukodishwa kamwe. Kila deki ya mjini iliandika NO DISC. Ya tatu ilikuwa ya ajabu. Haikuwa na picha wala maandishi juu, pande zote mbili zikimeremeta, na jina la filamu lilichapwa kwa herufi ndogo sana kwenye kijiduara kinachozunguka tundu la katikati. Mzee ndiye aliyegundua, kwa kuigeuza tu. Upande mmoja ulikuwa HD DVD, na upande wa pili, katika diski hiyo hiyo, ulikuwa DVD ya kawaida, iliyotiwa kwa ajili ya watu ambao bado hawajanunua mashine mpya. Ikacheza bila shida katika deki yetu ya zamani.

Nikaiingiza katika daftari. Wateja wa kwanza waliirudisha wakidai fedha zao kwamba haisomi, hadi nilipochukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwenye kile kijiduara cha katikati neno moja, HUKU, upande unaopaswa kutazama juu ili deki isome DVD iliyo chini. Baada ya hapo ilikodishwa kwa shilingi mia tano kwa usiku mmoja, na daftari ninalo hadi leo. Nimehesabu mistari yake: mara hamsini na tatu, mpaka neno lenyewe likafutika nikaliandika upya.