Tulivyochelewa maonyesho ya kwilti tukaishia kuyafungasha

Nikiri mapema tu, aliyetupoteza ni mimi. Haya yalikuwa maonyesho ya kuzunguka, yaani kwilti, yale mablanketi ya kushonwa, zinapakiwa kwenye gari, zinatundikwa ukumbi huu siku mbili, zinashushwa, kesho ziko kwingine, na zamu hii zilikuwa kwenye ukumbi mdogo huko shamba mbali na lami. Siku ya mwisho, wanafunga saa kumi jioni. Mi nikasema tukitoka saa nne asubuhi tunafika mapema mpaka tuboreke. Nikasahau kwamba ramani ya simu ikikosa mtandao inabaki picha. Tulilipita shamba lile lile la mahindi mara tatu, mara ya tatu mwenye shamba akatupungia mkono kama majirani.

Tulikuwa wanne. Mimi nashona vya kwangu vya nyumbani tu, shoga yangu ambaye ni fundi cherehani wa miaka na miaka, mwenye gari aliyekuja kwa ajili ya kuendesha na kupiga picha, na mbishi wetu (kila kundi linaye) ambaye toka asubuhi alikuwa anasema kiraka ni kiraka jamani, mtu anatia kiraka kwa sababu hana kitambaa kizima, sasa tunaenda kuangalia nini.

Kwa asiyezijua, kwilti sio viraka. Ni tabaka tatu, kuna ya juu ndo ya urembo, katikati pamba au sufu, chini kitambaa cha mgongo, halafu unapiga bandi ndogondogo kupita zote tatu ili pamba isikimbilie upande mmoja. Hiyo bandi ndo inayofanya kitu kiitwe kwilti. Ndo maana kuna kwilti za kitambaa kimoja kizima, hazina kiraka hata kimoja, mchoro wote umetoka kwenye mshono. Nilimweleza hivyo mbishi, akasema haya. Nikamsimulia habari za Missouri Pettway wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, mwaka 1942, baada ya kufiwa na mume, alichukua nguo zake za kazi, zile suruali na mashati ya shambani, akazikata akashona kwilti ya kumkumbuka nayo na kujifunika, na mwaka 2002 kwilti za wanawake wa kijiji hicho zikaenda kutundikwa makumbusho ya sanaa Houston. Hapo alinyamaza kidogo. Kidogo tu, maana tulikuwa tumelifikia tena lile shamba.

Tumeingia ukumbini saa tisa na dakika ishirini. Dakika arobaini, kwilti ishirini na kitu. Nilitaka kulia.

Aliyetuokoa ni fundi. Akasema mkianzia ya mlangoni mkasoma kila kikaratasi hamfiki nusu, simameni katikati ya ukumbi, zungukeni mara moja, kila mtu achague tatu zinazomwita, nyingine tutazipitia. Na kweli kwilti inataka uione ya mbali kwanza. Kuna moja nilidhani ni mawimbi ya maji, nimesogea karibu nakuta pembetatu tupu, hakuna mstari hata mmoja uliopinda, ni rangi tu zimepangwa kutoka nyeusi kwenda nyeupe jicho linajipindia lenyewe. Ukiwa karibu hulioni hilo, unaona vitambaa.

Karibu ni kwa ajili ya mshono. Fundi alikaza macho yake kwenye moja ya kushonwa kwa mkono, akawa anahesabu midomo inacheza, akaniambia inchi moja ina bandi kumi na moja, na zote sawa. Mwenyewe mshono wa mkono nikijitahidi sana napata sita, na hizo sita zimelewa.

Ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu na mapazia yamefungwa mchana kweupe, mwenye gari akalalamika picha zake zinatoka giza na flashi hairuhusiwi. Ni kwamba mwanga unakula rangi, na ukishaila hairudi. Mbishi naye, wakati sisi tunalalamikia mwanga, akanyoosha kidole akagusa. Mama mmoja mwenye glavu nyeupe akatokea sijui wapi, wala hakupandisha sauti, alisema tu "mwanangu, mkono." Mtu mzima na ndevu zake akarudisha mkono nyuma kama kakamatwa na sukari mdomoni. Mama akamwambia hata mkono uliooshwa una mafuta na jasho, leo hakionekani kitu, baada ya miaka inatokea doa la njano. Ukitaka kuona nyuma unamwita yeye mwenye glavu anakufunulia.

Chaguo langu la tatu ndo lilinimaliza muda. Kawandi. Ni kwilti za Wasiddi, watu wa asili ya Afrika walioko Karnataka, India, wengi mababu zao walipelekwa Goa na Wareno kama watumwa, wakatoroka wakaingia misituni. Wao hawaunganishi viraka kwanza halafu washone tabaka kama wengine, wanaanzia kwenye kona, wanazunguka pembeni, wanaongeza kiraka wanashona, kiraka wanashona, wanazidi kuingia ndani mpaka wanakutana katikati. Na kwenye kona nne wanaweka vipembe vya kitambaa kilichokunjwakunjwa, vinaitwa phula, maua, wenyewe wanasema kwilti bila phula iko uchi. Nilisimama pale nafuata mshono kwa macho unavyozunguka kama mtu anayefagia uwanja kuanzia uani kuja mlangoni, nikasikia kengele. Saa kumi.

Sikuwa nimeona hata nusu. Nikaanza kuaga huku nimenuna, fundi yeye akamfuata yule mama, "Shikamoo mama, mnashusha wangapi?" Marahaba, wawili. Wawili! Kwilti zote zile, na gari inaondoka usiku. Fundi akasema sisi tuko wanne na mikono tunanawa.

Tukavuliwa pete, saa, hereni ndefu, mkanda wa mbishi wenye kibati kikubwa, tukanawa, tukapewa glavu. Hapo ndo maonyesho yangu yalipoanza. Kwilti haining'inizwi kwa misumari, nyuma kwa juu imeshonewa mfuko mrefu kama wa pazia, fimbo inapita humo uzito unagawanyika. Unatoa fimbo, mnaipokea watu wawili, mnailaza kifudifudi kwenye shuka safi. Hawakunji, kwa sababu mkunjo ukikaa pale pale nyuzi zinakatika, wanaviringisha kwenye bomba nene na shuka laini katikati, na upande wa mbele unakaa nje, ili kama kuna kukunjamana, ukunjamane mgongo.

Kwa hiyo migongo yote niliiona. Ile ya mawimbi mgongo wake ni kitambaa cha gunia chenye maua makubwa ya kizamani, wala hayaendani na mbele. Ile ya bandi kumi na moja nilitafuta fundo la uzi sikulipata hata moja, fundi akacheka, akasema wanalivuta linazama ndani kwenye pamba. Kawandi mgongo wake ulikuwa sari iliyochakaa, na kwa nyuma ule mzunguko wa mshono unausoma vizuri kuliko mbele kwa sababu rangi hazikuchanganyi. Mwenye gari alisahau kabisa kamera.

Mbishi alipewa kuishika kawandi ikiwa imeshaviringishwa, mikono miwili imenyooshwa mbele kama kabebeshwa mtoto mchanga wa watu, akatembea nayo mpaka kwenye gari hatua ndogondogo, nikataka kumpokea akanikatalia, akaniuliza mi nimenawa saa ngapi.

Kurudi tulipotea tena, ila ramani alikuwa ameshika yeye kwa hiyo mi simo.